Mwendokasi, Velositi na Mchapuko: Kwa Nini Basi Halisimami Papo Hapo

Utangulizi

Katika masomo yote ya fizikia, hakuna lililo karibu na maisha ya kila siku kuliko somo la mwendo. Kila kiumbe huenda, na kila mwanafunzi amekwisha kupanda basi, kuendesha baiskeli, kurusha jiwe au kuangua embe kwa kijiti kabla hajasikia neno fizikia. Hata hivyo walimu wengi watakubali kwamba ni katika somo hili hili ambapo wanafunzi huchanganya mambo. Hukariri milinganyo, huweka tarakimu mahali pake, hupata jibu, lakini wakiulizwa jibu hilo lina maana gani barabarani, hunyamaza.

Makala hii ina nia mbili. Kwanza, kufafanua maana ya maneno matatu, yaani mwendokasi, velositi na mchapuko, na kuonyesha tofauti zilizopo baina yao. Pili, kuyatumia maneno hayo kujibu swali moja lenye uzito: dereva akiona mtoto mbele yake, gari lake litahitaji meta ngapi kabla ya kusimama? Tutaona kwamba jibu la swali hilo si lile ambalo akili hulidhania, na kwamba katika tofauti hiyo ndimo maisha ya watu yanamopotea.

Mwendokasi

Mwendokasi ni kipimo cha umbali ambao kitu hukwenda katika kila kipande kimoja cha wakati. Huupata kwa kugawanya umbali kwa muda uliotumika. Magari hupimwa kwa kilometa kwa saa. Wanasayansi hupendelea meta kwa sekunde. Kugeuza kilometa kwa saa kuwa meta kwa sekunde, gawanya kwa 3.6. Hivyo kilometa 36 kwa saa ni meta 10 kwa sekunde, na kilometa 72 kwa saa ni meta 20 kwa sekunde. Mwanafunzi aizoee hesabu hii mpaka iwe kama kuhesabu vidole, kwani tutaihitaji mara nyingi.

Tuchukue mfano ambao Watanzania wengi wanaujua. Tarehe 2 Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi alikimbia meta 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akaweka rekodi mpya ya dunia. Muda huo ni sekunde 212.2. Tukigawanya 1,500 kwa 212.2 tunapata meta 7.07 kwa sekunde, yaani kilometa 25 na ushei kwa saa. Huo ni mwendokasi wake wa wastani.

Neno "wastani" halikuwekwa hapo kwa mapambo. Bayi alikuwa amesimama wima kabla ya bastola kulia, kwa hiyo kwa nukta ile mwendokasi wake ulikuwa sifuri. Baadaye ulipanda, ukashuka kidogo, ukapanda tena. Wastani hauelezi habari hizo. Unaeleza tu kwamba mtu ambaye angekimbia meta 7.07 kila sekunde bila kubadilika, naye angemaliza kwa muda ule ule. Mwendokasi wa nukta fulani huitwa mwendokasi wa papo hapo. Ndio huo unaoonyeshwa na sindano ya spidomita ndani ya gari.

Hata hivyo wastani una faida yake. John Walker wa New Zealand alimaliza wa pili kwa dakika 3 na sekunde 32.5, yaani sehemu tatu za kumi za sekunde nyuma ya Bayi. Zidisha 0.3 kwa 7.07, nawe utapata meta 2.1. Bila ya kuwapo uwanjani, hesabu imetuambia kwamba wakimbiaji hao wawili walitengana kwa kadiri ya meta mbili tu baada ya kukimbia kilometa moja na nusu.

Velositi

Sasa tujiulize: uwanja wa riadha una mzunguko wa meta 400. Mkimbiaji akizunguka mara tatu kamili amekwenda meta 1,200. Lakini yuko wapi? Yuko pale pale alipoanzia. Miguu yake imechoka, jasho linamtoka, lakini mahali hakubadili.

Kwa ajili ya hali kama hii wanafizikia hutenga mambo mawili. La kwanza ni umbali, yaani urefu wote wa njia iliyopitwa. La pili ni mhamo, yaani urefu wa mstari ulionyooka kutoka mahali pa kuanzia hadi mahali pa kuishia, pamoja na upande mstari huo unakoelekea. Umbali ukigawanywa kwa muda hutoa mwendokasi. Mhamo ukigawanywa kwa muda hutoa velositi. Mkimbiaji wetu wa mizunguko mitatu ana mwendokasi wa wastani mkubwa, lakini velositi yake ya wastani ni sifuri.

Basi, velositi ni mwendokasi pamoja na mwelekeo. Kiasi chenye ukubwa peke yake, kama mwendokasi au halijoto, huitwa skala. Kiasi chenye ukubwa na mwelekeo, kama velositi, huitwa vekta. Mabasi mawili yanayopishana karibu na Chalinze, moja likienda Dar es Salaam na jingine likienda Morogoro, kila moja kwa kilometa 80 kwa saa, yana mwendokasi sawasawa. Velositi zao ni tofauti kabisa. Mwenye shaka na ajiulize ni lipi kati ya haya mawili lina hatari: mabasi mawili ya mwendokasi huo kugusana yakifuatana, au kukutana uso kwa uso.

Mchapuko

Tunapofika kwenye mchapuko ndipo tunapoingia katika kiini cha somo. Mchapuko ni kadiri ambavyo velositi hubadilika katika kila kipande kimoja cha wakati. Ikiwa basi lilikuwa limesimama kituoni, na baada ya sekunde 20 linakwenda meta 15 kwa sekunde (kilometa 54 kwa saa), basi kila sekunde velositi yake iliongezeka kwa 15 gawanya kwa 20, yaani 0.75. Twasema mchapuko wake ni meta 0.75 kwa sekunde kwa sekunde.

Wanafunzi hushangazwa na maneno "kwa sekunde kwa sekunde", wakidhani ni kosa la mpiga chapa. Si kosa. "Kwa sekunde" ya kwanza ni ya velositi yenyewe. Ya pili inaeleza kwamba velositi hiyo inabadilika kila sekunde.

Basi lile likifunga breki na kusimama katika sekunde 3, velositi yake imepungua kwa meta 5 kwa sekunde katika kila sekunde. Huu nao ni mchapuko, ila ni hasi, kwa kuwa umeelekea kinyume cha mwendo. Abiria aliyesimama ndani ya basi anaujua bila kufundishwa: huuhisi pale mwili wake unapotaka kuendelea mbele ilhali sakafu iliyo chini ya miguu yake inapunguza mwendo.

Hapa kuna kosa linalorudiwarudiwa katika karatasi za mitihani: kudhani kwamba kitu chenye kasi kubwa lazima kiwe na mchapuko mkubwa. Sivyo. Ndege iliyokwisha panda juu na kwenda kilometa 800 kwa saa katika mstari ulionyooka, bila kuongeza wala kupunguza kasi, haina mchapuko. Abiria wake hunywa chai bila kumwaga. Mtoto anayeanza kukimbia kutoka mlangoni ana mchapuko mkubwa kuliko ndege hiyo.

Galileo na kitu kinachoanguka

Mtu aliyetuwekea msingi wa elimu hii ni Galileo Galilei, aliyezaliwa Pisa, Italia, mwaka 1564 na kufariki mwaka 1642. Alitaka kujua jinsi vitu vinavyoanguka vinavyoongeza kasi. Lakini kitu kinachoanguka huenda upesi mno, na katika zama zake hapakuwa na saa ya kuhesabu sehemu ndogo za sekunde. Akatumia busara: badala ya kuangusha tufe, akaliviringisha katika mfereji wa ubao ulioinamishwa kidogo, ili mwendo wake upungue bila kubadili tabia yake. Muda aliupima kwa maji yaliyotiririka kutoka chombo kikubwa kupitia kijibomba chembamba. Kisha akayapima maji hayo kwa mizani.

Aliyoyagundua aliyachapisha Leiden, Uholanzi, mwaka 1638. Ikiwa katika kipande cha kwanza cha wakati tufe limekwenda umbali mmoja, katika kipande cha pili kilicho sawa na cha kwanza litakwenda umbali mara tatu, cha tatu mara tano, cha nne mara saba. Jumlisha: 1, kisha 4, kisha 9, kisha 16. Umbali wote unakua kwa mraba wa muda.

Kitu kinachoanguka karibu na uso wa dunia, tukiuacha ukinzani wa hewa, kina mchapuko wa meta 9.8 kwa sekunde kwa sekunde. Katika sekunde ya kwanza huanguka meta 4.9, na baada ya sekunde mbili jumla ya meta 19.6. Mlinganyo wake ni:

s = ½ × a × t × t

ambapo s ni umbali, a ni mchapuko, na t ni muda, kitu kikiwa kimeanza kutoka katika hali ya kusimama.

Jaribio la kopo na baiskeli

Shule isiyo na maabara yaweza kuyaona haya kwa macho. Chukua kopo pana, litoboe tundu dogo kwa msumari mwembamba, ulijaze maji yaliyotiwa rangi, na ulifunge nyuma ya baiskeli. Hakikisha matone yanadondoka moja moja. Mwanafunzi mmoja aendeshe katika uwanja wa shule, mahali pakavu pasipo na magari.

Matone hudondoka kwa vipindi vinavyokaribia kuwa sawa. Kwa hiyo kila tone ni alama ya saa iliyoandikwa ardhini. Mwendesha baiskeli akienda kwa kasi ile ile, nafasi baina ya matone zitakuwa sawa. Akiongeza kasi, nafasi zitapanuka. Akifunga breki, zitabanana. Wanafunzi wapime nafasi hizo kwa rula na kuchora grafu ya umbali dhidi ya idadi ya matone. Mwendo wa kasi isiyobadilika utatoa mstari ulionyooka. Mwendo wenye mchapuko utatoa mstari uliopinda. Jaribio lifanywe upesi, kwani maji yakipungua ndani ya kopo, matone nayo huchelewa.

Umbali wa kusimama

Tumekwisha kupata zana zote tunazozihitaji. Tulikabili sasa swali letu.

Gari linalosimama hupitia hatua mbili. Katika hatua ya kwanza dereva anaona hatari, anatambua ni hatari, anaamua, na kuuhamisha mguu wake hadi kwenye breki. Wakati huu wote gari halijui lolote. Linaendelea kwa kasi ile ile. Kwa dereva mzima wa afya, aliye macho, tuchukue sekunde moja. Aliyechoka, aliyelewa au anayetazama simu huhitaji zaidi.

Katika hatua ya pili breki zimeshika. Tuseme basi kubwa lenye breki nzuri, katika lami kavu iliyo tambarare, lina mchapuko hasi wa meta 5 kwa sekunde kwa sekunde. Muda wa kusimama ni v gawanya kwa a, ambapo v ni mwendokasi wa mwanzo. Katika muda huo kasi inashuka sawasawa kutoka v hadi sifuri, kwa hiyo wastani wake ni nusu ya v. Umbali ni wastani mara muda:

s = (v ÷ 2) × (v ÷ a) = (v × v) ÷ (2 × a)

Tazama: v imejitokeza mara mbili. Hapo ndipo jambo lote lilipo. Umbali wa breki haukui kwa kadiri ya mwendokasi, bali kwa kadiri ya mraba wa mwendokasi. Kasi ikiwa maradufu, umbali wa breki huwa mara nne.

Jedwali 1: Umbali wa kusimama kwa basi (kufikiri sekunde 1, breki meta 5 kwa sekunde kwa sekunde)

| Mwendokasi (km kwa saa) | Meta za kufikiri | Meta za breki | Jumla (meta) |
|---|---|---|---|
| 30 | 8.3 | 6.9 | 15.2 |
| 50 | 13.9 | 19.3 | 33.2 |
| 60 | 16.7 | 27.8 | 44.5 |
| 80 | 22.2 | 49.4 | 71.6 |
| 100 | 27.8 | 77.2 | 105.0 |

Linganisha mstari wa kilometa 50 na ule wa kilometa 100. Meta za breki zimetoka 19.3 hadi 77.2, ambazo ni mara nne kamili. Basi la kilometa 100 kwa saa huhitaji kwa jumla urefu unaokaribia wa kiwanja cha mpira wa miguu kabla halijasimama.

Hii ni hali njema. Mvua ikinyesha na mchapuko wa breki ukashuka hadi 3, basi la kilometa 80 kwa saa litahitaji meta 82 za breki badala ya 49. Likiwa linateremka mlima wenye mteremko wa meta moja kwa kila meta kumi, mvutano wa dunia hunyang'anya breki karibu meta 1 kwa sekunde kwa sekunde: tano hubaki nne.

Huenda mwanafunzi akauliza habari za uzito. Je, basi lililojaa halisimami mbali zaidi? Ikiwa kinachoweka kikomo ni msuguano wa matairi na lami tu, tungamo halina athari: gari zito lina mwendo mgumu zaidi kuzuia, lakini pia hukandamiza barabara kwa nguvu zaidi na kupata msuguano mkubwa kwa kadiri ile ile. Hata hivyo breki zenyewe zina wajibu mwingine, nao ni kuigeuza nishati ya mwendo kuwa joto. Nishati hiyo ni nusu ya tungamo mara mraba wa kasi. Basi lililojaa likishuka mteremko mrefu kama ule wa Kitonga, mkoani Iringa, huku dereva akikanyaga breki mfululizo, breki hupata moto na kupoteza nguvu zake. Ndiyo maana dereva mwenye ujuzi hushuka kwa gia ndogo na kuiachia injini sehemu ya kazi hiyo.

Jaribio la rula

Muda wa kuitikia waweza kupimwa darasani kwa rula ya sentimeta 30. Mwanafunzi wa kwanza aishike rula wima kutoka juu. Wa pili aweke kidole gumba na cha shahada pembeni mwa alama ya sifuri bila kuigusa. Wa kwanza aiachie bila kutoa taarifa, na wa pili aikamate. Sentimeta zilizopita ndizo umbali iliyoanguka, na kwa mlinganyo wa Galileo twapata muda: sentimeta 10 ni sekunde 0.14, sentimeta 15 ni 0.17, sentimeta 20 ni 0.20, sentimeta 25 ni 0.23.

Wanafunzi wasifurahi upesi na kusema kwamba sekunde moja tuliyoichukua ni kubwa mno. Anayekamata rula anajua kwamba itaachiwa, anaitazama, na vidole vyake viko tayari. Dereva hajui mtoto atatokea wapi, na mguu wake uko kwenye pedali nyingine. Mwalimu alirudie jaribio huku mwanafunzi akihesabu kwa sauti kurudi nyuma kutoka 100 kwa saba saba, darasa lione lenyewe rula itakavyoshuka zaidi.

Mtoto aliye mbele

Sasa tuweke tarakimu mahali penye uhai. Mtoto anaingia barabarani meta 34 mbele ya basi. Dereva ni yule yule, breki ni zile zile, lami ni ile ile. Kinachobadilika ni mwendokasi tu.

Basi likiwa na kilometa 50 kwa saa, litasimama baada ya meta 33.2. Mtoto atapata hofu na dereva atatoa maneno makali, lakini wote wawili watarudi nyumbani.

Likiwa na kilometa 60 kwa saa, meta 16.7 zitakwisha dereva hajagusa breki. Zimebaki 17.3. Kutoka katika mraba wa kasi ya mwanzo, ambao ni 277.8, tunatoa 2 × 5 × 17.3, yaani 173. Inabaki 104.8, na kipeo chake ni 10.2. Basi litamfikia mtoto likiwa bado na meta 10.2 kwa sekunde, ambazo ni kilometa 37 kwa saa.

Msomaji asilipite jambo hili haraka. Dereva aliongeza kilometa 10 tu. Akili ya kawaida ingesema kwamba pale ambapo gari la kilometa 50 limesimama, gari la kilometa 60 litakuwa limebakiza mwendo wa kilometa 10. Fizikia inasema limebakiza 37. Kugongwa kwa kasi hiyo ni sawa na kuanguka kutoka kimo cha meta 5 na zaidi.

Basi likiwa na kilometa 80 kwa saa, litamfikia mtoto likiwa na kilometa 70. Likiwa na kilometa 100, litamfikia likiwa na kilometa 96. Hapo breki hazikufanya chochote ila kupiga kelele.

Katika Tanzania, kama ilivyo katika Kenya, kikomo cha mwendo katika maeneo ya makazi ni kilometa 50 kwa saa, na mabasi ya abiria hayaruhusiwi kuzidi kilometa 80 kwa saa. Wako wanaoviona vikomo hivi kama vikwazo vya askari wa barabarani. Jedwali letu linaonyesha kwamba hoja ya vikomo hivyo imeandikwa katika maumbile kabla ya kuandikwa katika sheria. Mtu aweza kubishana na askari. Hawezi kubishana na mraba wa v.

Na faida ya kukimbia ni ipi? Katika safari ya kilometa 20, anayekwenda kilometa 80 kwa saa hutumia dakika 15, na anayekwenda 100 hutumia dakika 12. Ameokoa dakika tatu. Ili azipate, ameongeza umbali wake wa kusimama kutoka meta 72 hadi meta 105.

Kona

Tulisema kwamba velositi ina mwelekeo. Kwa hiyo basi linalopinda kona lina mchapuko hata kama sindano ya spidomita haitikisiki, kwani mwelekeo wake unabadilika. Mchapuko huu huelekea ndani ya kona, na ukubwa wake ni mraba wa kasi ukigawanywa kwa nusukipenyo cha kona. Hapa tena tunakutana na mraba ule ule.

Katika kona yenye nusukipenyo cha meta 60, kwa kilometa 40 kwa saa, mchapuko unaohitajika ni meta 2 kwa sekunde kwa sekunde. Matairi yanaweza kuutoa bila taabu. Kwa kilometa 80 kwa saa unahitajika 8.2. Lami kavu hufika hapo kwa shida, na lami yenye maji haifiki kabisa. Basi refu lenye mizigo juu ya paa laweza hata kupinduka kabla matairi hayajateleza. Mara nyingi husemwa baada ya ajali kwamba gari "lilikataa kona". Gari halikatai kitu. Lilidaiwa mchapuko ambao barabara haikuwa nao.

Kupima kasi ya magari

Mwisho, tunapendekeza kazi moja kwa darasa. Katika barabara inayopita karibu na shule, chagueni vitu viwili vilivyo kando ya barabara, kama vile mti na nguzo, vilivyotengana kwa meta 100 zilizopimwa. Kaeni mbali na lami, mahali mnapoviona vyote viwili, mkiwa pamoja na mwalimu. Pimeni muda wa kila gari kutoka alama moja hadi nyingine. Gawanyeni 360 kwa sekunde mlizopata, nanyi mtapata kilometa kwa saa. Sekunde 7.2 ni kilometa 50, sekunde 6 ni 60, sekunde 4.5 ni 80. Andikeni matokeo ya magari 50 na mchore grafu yake.

Kisha mjiulize swali la anayevuka. Barabara yenye upana wa meta 7 huvukwa kwa sekunde 5 na mtu anayetembea meta 1.4 kwa sekunde. Katika sekunde hizo gari la kilometa 50 huja karibu kwa meta 69, la kilometa 80 kwa meta 111, na la kilometa 100 kwa meta 139. Mtoto hutazama gari liko umbali gani. Ni vigumu kwake kukadiria linakuja kwa kasi gani. Nafasi iliyomtosha jana mbele ya gari la polepole yaweza isimtoshe leo. Grafu ya darasa, ikiwa imetengenezwa kwa uangalifu, inafaa kupelekwa katika mkutano wa wazazi au ofisi ya kijiji, kwani ni ushahidi uliopimwa, nao una nguvu kuliko malalamiko.

Hitimisho

Mwendokasi hutuambia tunakwenda upesi kiasi gani. Velositi hutuambia tunakwenda upesi kiasi gani na upande gani. Mchapuko hutuambia hali hiyo inabadilika kwa kadiri gani. Spidomita huonyesha la kwanza peke yake, lakini usalama wa abiria na wa mtembea kwa miguu hutegemea la tatu. Kwa kuwa matairi, breki na lami haviwezi kutoa mchapuko kupita kiasi fulani, njia pekee iliyobaki mikononi mwa dereva ya kufupisha umbali wa kusimama ni kupunguza mwendokasi mapema. Kila kilometa anayoipunguza humlipa zaidi ya anavyodhani, kwa sababu ya mraba ule ule ambao kila kilometa anayoiongeza humdai.

Maswali ya mazoezi

1. Basi lilikwenda kilometa 60 za kwanza kwa kilometa 40 kwa saa, na kilometa 60 zilizofuata kwa kilometa 80 kwa saa. Tafuta mwendokasi wa wastani wa safari nzima. Kwa nini si 60?

2. Mkimbiaji amezunguka uwanja wa meta 400 mara moja kwa sekunde 50. Tafuta mwendokasi wake wa wastani na velositi yake ya wastani.

3. Rula ilianguka sentimeta 18 kabla ya kukamatwa. Tafuta muda wa kuitikia.

4. Lori linakwenda kilometa 72 kwa saa. Dereva huhitaji sekunde 1 kuitikia, na mchapuko wa breki ni meta 4 kwa sekunde kwa sekunde. Tafuta umbali wote wa kusimama.

5. Rudia swali la 4 lori likiwa katika mteremko unaoupunguza mchapuko wa breki hadi meta 3 kwa sekunde kwa sekunde.

Majibu: (1) kilometa 53.3 kwa saa. Basi lilitumia muda mrefu zaidi katika mwendo wa polepole. (2) Meta 8 kwa sekunde, sifuri. (3) Sekunde 0.19. (4) Meta 70. (5) Meta 86.7.